Kanda Saba za Ukuta

Watu wa kituo cha redio walimwita Masikio, naye hakununa. Jina la utani likivumiliwa mwaka mmoja hugeuka jina la heshima, na lake lilikuwa limevumiliwa miaka kumi na mitano. Kazi yake ilikuwa maktaba ya sauti, chumba kirefu mwishoni mwa korido, rafu za chuma hadi darini, kanda kubwa za magurudumu zimesimama ndani ya maboksi yake, na katikati meza moja yenye mashine ya kuchezea kanda iliyolingana naye umri. Alizisikiliza moja moja, akazinakili kwenye kompyuta, akazipa namba. Zilikuwa hotuba, kwaya, taarifa za habari, matangazo ya sabuni ambayo kiwanda chake kilishakufa. Ukimwita mara tatu asiitike, usidhani ni kiburi. Alikuwa mbali, hedifoni masikioni, akimsikiliza marehemu fulani akikohoa kabla ya kusoma habari.

Boksi lenyewe alilikuta mwezi wa mvua, chini kabisa ya rafu ya mwisho, nyuma ya ndoo ya kukingia maji yaliyovuja darini. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: MBOVU. KUFUTWA. Ndani mlikuwa na kanda saba. Hakukuwa na jina la mpigaji, wala tarehe, wala kipindi. Mgongoni mwa kila kanda palikuwa na maneno machache tu, kwa mwandiko mdogo wa mtu asiye na haraka: Ukuta, ya kwanza. Ukuta, ya pili. Na kuendelea hadi ya saba.

Kanda mbovu alizijua. Kuna inayokoroma, kuna inayolia kama kifaranga, kuna inayonyamaza katikati ya sentensi ya waziri. Akaipachika ya kwanza kwenye mashine akitarajia mojawapo ya hizo, aiandikie cheti cha kifo aendelee na kazi. Badala yake akasikia kimya kipana, kimya cha chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi. Kisha, kutoka pasipo na kitu, sauti ikaanza kukua. Haikuwa filimbi, haikuwa kinanda, haikuwa mtu. Ilikua polepole, ikanenepa, ikajaa kichwa kizima, na ilipofika pale ambapo sikio lilikuwa linaomba iendelee, ikakatika, tap! Kimya tena. Halafu ikaja nyingine, ya chini zaidi, nayo ikakua na kukatika. Na chini ya hizo zote kulikuwa na kitu kinachotembea, haraka haraka, kikisimama, kikitembea tena, kama mtu anayepita chumba cha pili bila kuingia.

Kanda ilipokaribia mwisho aliizima kwa kidole, maana kanda kuukuu ikiachwa ikatoka yenyewe hupigapiga na kuchanika. Akavua hedifoni. Chai yake ilikuwa imeota utando. Nje, magari yalikuwa yanapita barabarani kama kawaida, naye akakaa akiyasikiliza kana kwamba na yenyewe ni ala inayopigwa na mtu.

Alizisikiliza zote saba, kisha akazirudia. Ya saba ndiyo iliyomteka. Humo, kama dakika ya kumi na moja, mlikuwa na mahali ambapo kila kitu kilinyamaza, hata kile kinachotembea. Kisha punje tatu za sauti, ndogo mno, ungesema mchanga umedondoka juu ya karatasi. Kimya kirefu. Halafu mawimbi matatu makubwa, moja baada ya jingine, kila moja likikua hadi likafungwa kama mlango. Kila alipofika hapo alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba huo ni muziki. Ila kipendacho roho hula nyama mbichi, na Masikio alizila kanda zile mbichi mwezi mzima, saa ya chakula cha mchana, mlango ukiwa umefungwa.

Shida ya furaha ya peke yako ni kwamba ikizidi inaanza kukutisha. Wiki ya tatu alijikuta akijiuliza kama ana akili timamu. Alitaka mtu mmoja, mmoja tu, akae kwenye kile kiti, asikie, halafu amtazame usoni. Hilo tu. Mapenzi ya kuimba yana kwaya, mapenzi ya mpira yana uwanja mzima. Yeye alikuwa na boksi na ndoo.

Ndipo likaja tangazo. Chumba cha maktaba kinageuzwa chumba cha mikutano. Kanda zilizoorodheshwa zitahamishiwa ghalani, na zile zilizoandikwa mbovu zitapitishwa kwenye sumaku ya kufutia siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi. Kanda iliyopitishwa juu ya sumaku ile haikumbuki chochote. Kulikuwa na njia moja ya kuiponya: fomu ya kuomba ihifadhiwe, yenye saini za watu wawili waliosikiliza, na sababu ya kila mmoja. Masikio akajaza mstari wake siku hiyo hiyo. Mstari wa pili ukabaki mtupu, na Ijumaa ilikuwa siku nne mbele.

Utauliza, si angerekodi tu kwa simu yake, mambo yakaisha? Alijaribu. Simu hizi zimefundishwa adabu, zinatunza mazungumzo na kuchuja kelele. Ikaisikiliza Ukuta ya saba, ikaamua yote ni kelele, ikaichuja yote. Kilichobaki kilikuwa mlio wa mafuta kwenye kikaango. Na kompyuta ya kazini haikukubali kanda isiyo na namba, na namba haikutolewa bila fomu. Mambo ya ofisi unayajua.

Jumatatu alimwita msomaji wa habari, dada mwenye sauti ya asali ambaye nchi nzima ilikuwa ikimsikiliza saa mbili usiku. Yule dada akavaa hedifoni, akafumba macho, uso ukalegea vizuri kabisa. Moyo wa Masikio ukapiga kwa matumaini kwa dakika kumi na mbili. Kisha mdomo wa dada ukafunguka kidogo na akakoroma.

"Nimepumzika sana," alisema alipoamshwa. "Asante, mdogo wangu. Ni ya kulalia watoto?"

Jumanne akamjaribu mlinzi wa getini. Mlinzi alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliokuwa tatizo.

"Lete hiyo karatasi nisaini, mama. Ya nini kusikiliza?"

"Lazima usikilize kwanza."

"Nisikilize nini wakati nakuamini? Wewe ukisema nzuri, ni nzuri. Kalamu iko wapi?"

Saini ilikuwa pale, mkononi mwa mtu, bure kabisa. Masikio akaikunja fomu akairudisha mfukoni. Alijilaumu njia nzima ya korido. Lakini alijua kwamba kanda ikipona kwa saini ile, yeye atakuwa bado yuko peke yake nayo.

Jumatano alimfuata Mkuu wa maktaba, mzee aliyebakiza miezi saba kustaafu, ambaye hakuvua sweta hata jua likichoma vipi. Mkuu alisikiliza akiwa amesimama. Dakika mbili zilimtosha.

"Mwanangu," alisema, "ule mwandiko mwekundu ni wangu. Nilizisikiliza hizi mwaka nilioanza kazi. Nilikuwa kijana, masikio mazima, na zilikuwa mbovu. Sasa nimezeeka, na bado ni mbovu."

"Mzee, lakini pale katikati, zile punje tatu..."

"Sisemi wewe ni mwongo. Nasema nikisaini, mwongo nitakuwa mimi." Akamrudishia hedifoni kwa mikono miwili, kwa heshima, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni ile alirudi nyumbani akiburuta miguu. Nyumbani kulikuwa kwa Shangazi, dada yake marehemu baba. Alifika pale akiwa na miaka ishirini kwa likizo ya wiki mbili, na wiki mbili hizo zilikuwa hazijaisha. Shangazi alikuwa fundi cherehani, hakuolewa, na ulimi wake ulikuwa na sindano nyingi kuliko cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: meza ya kukatia, vitambaa, pasi, chaki, na cherehani nyeusi ya miguu iliyoegemea ukuta wa pembeni. Nyuma ya ukuta ule sasa alikuwa anafanya kazi msusi, binti mchangamfu mwenye redio. Redio ikizidi, Shangazi alichukua rula yake ya mbao ya mita moja akagonga ukuta mara tatu, ko, ko, ko, na redio ikashuka. Huo ndio ulikuwa ujirani wao, na uliwatosha.

"Mbona umekunja uso kama suruali iliyolaliwa?" Shangazi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna anayeisikia, Shangazi."

"Ile yako ya kwenye simu? Mwanangu, ule si muziki. Ule ni tumbo la mtu mwenye njaa."

"Simu iliiharibu. Nilikwambia."

"Sawa. Lakini nakujua. Tangu ulipokuja hapa unapenda kelele. Ungekuwepo zama za mtu wa waya mngeelewana sana."

Mtu wa waya alikuwa kisa cha Shangazi cha kila mwaka. Kabla ya msusi, kabla ya Masikio mwenyewe kuja, chumba cha pili alikipanga bwana mmoja mpole wa sura, mkorofi wa tabia, aliyehamia na fungu la waya begani. Mchana, Shangazi akikata vitambaa na kupiga pasi, kimya. Shangazi akikaa tu kwenye cherehani jioni, upande wa pili unaanza kuvuma, uuuu, uuuu, hadi meno yanawasha.

"Nikigonga, ananyamaza," Shangazi alisema, kama anavyosema siku zote. "Nasema haya, ameelewa. Nikirudi kushona, anaanza tena! Miaka minne. Ana kwa ana ni shikamoo na tabasamu, nyuma ya ukuta ananidhihaki. Siku aliyohama alikuja kuaga, amesimama mlangoni na kofia mkononi, anataka kusema neno. Nikamwambia, kaka, safari njema, na huko uendako waonee watu huruma." Akakata uzi kwa meno. "Halafu kesho nakuja huko kwenu. Mapazia ya chumba kipya cha mikutano nimepewa mimi."

Masikio akaokota uzi uliodondoka. Alimpenda shangazi yake kuliko mtu yeyote aliye hai, na jioni ile alitamani mtu mwingine yeyote apewe kazi ya kushona mapazia yale.

Siku ya Alhamisi mchana Shangazi aliingia maktaba na rula yake begani, futikamba shingoni, akasalimia rafu moja moja kama wagonjwa. Masikio alikuwa ameiweka Ukuta ya saba kwenye mashine, safari hii kwenye spika, bila hedifoni. Aliona hakuna tena wa kumficha. Kesho saa nne mambo yamekwisha, basi leo hata madirisha yasikie.

"Panda kwenye kiti," Shangazi aliamuru, "shika futikamba pale juu kabisa, usiachie. Ukiachia tunaanza upya."

Masikio akapanda. Sauti zilikuwa zinakua na kukatika nyuma yake. Shangazi alikuwa chini akisoma vipimo na kuviandika kwa chaki kwenye kiganja, dirisha la kwanza, la pili, la tatu. Punje tatu zikaja zikapita. Mawimbi matatu yakaja yakapita, na Shangazi hakugeuka hata shingo. Basi, Masikio akajisemea, mikono yake juu ukutani, hata huyu. Akaumia waziwazi, machozi yakamjia, na kwa kuwa mikono haikuwa huru yakashuka hadi kidevuni.

Ndiyo maana hakuizima kanda kwa wakati. Ilifika mwisho yenyewe, ikachomoka, ikaanza kuzunguka na kujipiga, pwa, pwa, pwa.

"Ona, mtoto wako analia," alisema Shangazi, akiionyesha kanda kwa kidevu.

Masikio akaruka chini akaisimamisha. Kipande cha mwisho kilichotoka katikati ya gurudumu, kile ambacho mwezi mzima hakukiona kwa sababu alizima mapema, kilikuwa cha karatasi nyeupe. Juu yake, kwa ule mwandiko usio na haraka, kulikuwa na neno moja: MWANZO.

Akakaa sakafuni.

Zamani mafundi wa kanda walikuwa na desturi yao. Kanda ikichezwa hadi mwisho hairudishwi. Huwekwa rafuni vile vile, mkia nje, kwa kuwa ikikaa hivyo haijiharibu upesi, na anayetaka kuisikiliza huirudisha kwanza. Kila fundi alijua. Lakini Mkuu alipopanda cheo aliamuru kanda zote za maktaba zirudishwe mwanzo na desturi ile ikome, na zote zikarudishwa, isipokuwa boksi moja la chini. Nani apoteze siku yake kurudisha mbovu? Mkuu mwenyewe, kijana mgeni wa kazi, alikuwa amezisikiliza kutoka mkiani, akaandika mbovu. Na Masikio, fundi wa miaka kumi na mitano, aliyezoea maktaba iliyonyooshwa, alikuwa amefanya vile vile. Tofauti yao ni kwamba yeye alipenda.

"Nilikuwa naisikiliza kinyumenyume," alisema. "Shangazi, mwezi mzima. Kinyumenyume."

Shangazi alifikiri. "Yaani umevaa gauni ndani nje mwezi mzima na kujisifia kwenye kioo?"

Masikio akacheka, na kicheko kikamtoka na kamasi. Kisha akainuka. Aligeuza gurudumu lililojaa, akalihamishia kushoto, akaingiza ile karatasi yenye neno MWANZO kwenye njia yake, akabonyeza.

Kila kitu kilikuwa kilekile, na hakikuwa. Sauti sasa ilianza kwa kuguswa, kisha ikatanuka, ikaenda mbali, mbali zaidi, hadi ukashindwa kusema imeisha saa ngapi. Ilikuwa kama kutazama mvuke ukirudi kuwa maji. Ulikuwa waya, sasa alisikia, waya mrefu uliokazwa mahali, ukitetemeka. Na chini ya waya kile kitu kinachotembea kilikuwa kimegeuka, kinakuja, kinakaribia, tak-tak-tak-tak, kinasimama, tak-tak-tak.

Chaki ilidondoka sakafuni.

"Hiyo ni cherehani," alisema Shangazi.

"Inaweza kuwa..."

"Nyamaza. Hiyo ni cherehani yangu." Alikuwa amesogea hadi kwenye spika, ameinama. "Sikia inavyochechemea. Moja, mbili, tatu, inaruka. Gurudumu lake lilipata ufa nikakaa nalo miaka, nasema nitatengeneza, nitatengeneza. Hakuna cherehani nyingine duniani inayochechemea hivyo. Nani ameiweka humo?"

Masikio akatazama mgongo wa kanda kwa mara ya elfu. Ukuta, ya saba.

"Shangazi. Mtu wa waya alikuwa anafanya kazi gani?"

"Alikuwa fundi wa jenereta. Hapa hapa kituoni kwenu."

"Hukuwahi kuniambia!"

"Uliwahi kuniuliza?"

Waya ukavuma, cherehani ikatembea. Masikio aliona yote kwa pamoja, kama mtu aliyewashiwa taa: waya uliopigiliwa misumari kwenye ukuta ule, upande wa pili, toka kona hadi kona, na upande huu cherehani imeuegemea. Cherehani ikitembea, ukuta unatetemeka, waya unaimba. Cherehani ikisimama, waya unanyamaza. Alianza kueleza, lakini Shangazi alishafika kabla yake. Alikuwa ameweka kiganja chenye vipimo juu ya meza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayehesabu upya hesabu ya zamani.

"Nikiacha kushona ili nigonge, inanyamaza," alisema polepole. "Nikirudi kushona, inaanza. Miaka minne namgombeza yule baba. Kumbe kelele ilikuwa yangu."

Wakati huo huo, kwenye kanda, cherehani ikasimama. Ko. Ko. Ko. Rula ya mbao ukutani, ikisikika kutoka upande wa pili, na kila pigo likaamsha waya wote kwa mpigo, sauti tatu kubwa zikatanuka moja juu ya nyingine zikaondoka. Shangazi akaitazama rula yake iliyoegemea dirishani.

"Huyo ni mimi," alisema. "Na hasira zangu."

"Ngoja," Masikio alisema. Aliirudisha kanda kidogo, akapandisha sauti hadi spika ikaanza kupumua. "Usisikilize kugonga. Sikiliza baada ya kugonga."

Ko. Ko. Ko. Waya ukaenda zake. Kimya kirefu, kimya chenye mtu ndani yake. Kisha zikaja zile punje, ndogo, laini, zimepangwa sawasawa, pembeni kabisa ya kusikika. Tatu.

Shangazi akasogeza sikio hadi likagusa spika. Masikio akairudisha tena bila kuambiwa. Ko, ko, ko. Kimya. Kidole cha mtu, ukutani, mara tatu.

"Alikuwa ananijibu," alisema Shangazi.

Akavuta kiti akakaa. Masikio hakuwahi kumwona akikaa mchana bila kazi mkononi.

"Kila mara?" Shangazi aliuliza. "Miaka yote ile?"

"Sijui, Shangazi. Humu yumo."

"Na mimi nilishakaa kwenye cherehani. Nilikuwa natia uzi, hasira zimenijaa, ningesikia wapi?" Akajifuta macho kwa ncha ya futikamba, jambo ambalo kwa mtu mwingine angelicheka. "Walimhamishia mitambo ya mbali. Miaka tisa sasa tangu afariki. Nilipata habari nikasema Mungu amrehemu, nikaendelea kupiga pasi."

Waliisikiliza hadi mkiani, wawili, kwenye chumba kisicho na mapazia. Ilipokwisha, Masikio alikuwa na furaha na alikuwa na huzuni, na huzuni ndiyo aliyoitamka. "Basi ile niliyoipenda mimi haipo. Ilikuwa kosa."

"Nani kasema?" Shangazi aligeuka na ukali wake wote ukiwa umerudi. "Nguo ina nje na ina ndani. Mvaaji anaangalia nje. Fundi akipewa nguo ya fundi mwenzake huigeuza ndani kwanza, aone ilivyoshonwa. Ulianzia ndani, basi. Hebu nigeuzie na mimi."

Na Masikio akamgeuzia. Punje zikaja kwanza, kama mtu anayejibu kabla hajaulizwa. Kimya. Kisha mawimbi matatu yakakua kutoka pasipo na kitu, yakajaa chumba. Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Lilipofungwa la tatu, akamtazama Masikio usoni.

Fomu ilifika mezani kwa Mkuu saa tisa na nusu. Alisoma mstari wa kwanza, ambao Masikio alikuwa ameujaza kwa maneno mengi ya kitaalamu. Akashuka wa pili. Kwenye sababu, kwa herufi za mtu anayeandika vipimo, palikuwa pameandikwa: Mimi nimo ndani yake. Mkuu alivua miwani, akaifuta kwa sweta, akaivaa tena. Kisha akaomba asikilizishwe, kutoka mwanzo. Hakusema kama ni muziki au si muziki. Alitoa namba saba, moja kwa kila kanda, na boksi akalichukua yeye mwenyewe, akakwangua maandishi yake mekundu kwa wembe hadi karatasi ikachanika.

Jioni jua lilikuwa bado halijashuka walipofika nyumbani. Shangazi hakuvua hata mtandio. Alikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, akaweka kiganja ukutani, juu, chini, hadi akapata matundu mawili madogo ya misumari iliyopenya kutoka upande wa pili, ambayo kwa miaka alidhani ni ya mchwa. Redio ya msusi ilikuwa imezimwa. Hakukuwa na sauti yoyote ya kugombezwa.

Shangazi aliiacha rula kwenye meza ya kukatia. Akagonga kwa kidole, laini, mara tatu.

"Shangazi?" msusi aliita kutoka upande wa pili, kwa wasiwasi. "Kuna nini? Redio nimezima tangu saa kumi!"

"Hakuna kitu, mwanangu," Shangazi alisema, shavu lake likiwa ukutani. "Nilikuwa najibu tu."